Nasaha Isiyotolewa

Katika pwani yetu kumnyima mtu ushauri ni kosa zito kuliko kumnyima chakula. Mwenye njaa atapita mlango wa pili. Aliyekuja kutaka shauri ameshaiacha heshima yake kizingitini mwako, amekiri kuwa wewe unajua asilolijua yeye, na kumrudisha mikono mitupu ni kumwambia kuwa hakustahili hata maneno. Mafundisho ya dini yameitilia nguvu ada hii: nasaha ni haki ya mtu juu ya mwenziwe, na mwenye kutakwa ushauri huhesabiwa kuwa amekabidhiwa amana. Ndiyo maana jambo ninalotaka kulitazama hapa si dogo kama linavyoonekana. Kijana wa kujitolea anayepita vijijini kuwafundisha watu namna ya kupiga kura, ambaye kikundi chake kimejifunga kutopendelea chama chochote, akiulizwa na mtu mzima wa damu yake, "Sasa mwanangu, nimpe nani?", kanuni inamtaka anyamaze. Je, kunyamaza huko ni uungwana, au ni utovu wa adabu uliovishwa joho?

Nitaliweka suala hili Songo Mnara, kwani kisiwa kidogo hakimwachii mtu mahali pa kujificha. Wasomaji wengi wanakijua kwa magofu yake, yaliyoingizwa pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa miongoni mwa yaliyo hatarini mwaka 2004, na kutolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi. Lakini kando ya nyumba za mawe za karne ya 14 hadi ya 16 kipo kijiji cha watu walio hai: wavuvi, wakulima, wanawake wanaoshuka mwambani kutafuta pweza maji yanapotoka. Hufikiwa kwa chombo kutoka Kilwa Masoko, na atakayefika maji yamekupwa atakunja suruali na kukanyaga tope la mikokoni kabla hajamwamkia mtu. Mahali kama hapo mwalimu wa kujitolea hawi mgeni kwa muda mrefu. Akitaja jina la babake tu, ameshapatikana shangazi, ameshapatikana mtani, na ameshapatikana mzee aliyewahi kusafiri na babuye katika jahazi moja. Swali la "nimpe nani" haliulizwi na mwananchi kwa mtaalamu. Linaulizwa na bibi kwa mjukuu.

Kazi yenyewe, kwa wasioijua, haina makeke. Sheria inaipa Tume ya Uchaguzi, ambayo tangu mwaka 2024 huitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, jukumu la kutoa elimu ya mpiga kura, na kuratibu na kusimamia asasi nyengine zinazotaka kuitoa. Asasi huomba kibali, hufuata mwongozo wa Tume, na hujigharimia. Anayejitolea aghlabu haambulii zaidi ya nauli na fulana. Anafundisha kwamba jina lihakikiwe mapema katika daftari; kwamba karatasi ni tatu, ya Rais, ya mbunge na ya diwani; kwamba alama ya vema iwekwe mahali pake na pamoja tu; kwamba kidole kitatiwa wino; kwamba asiyeona au asiyejua kusoma anaweza kuingia na mtu anayemwamini. Na mwalimu mwenye akili ataongeza la kwake: atatazama mwezi. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na mwongozo haujui bamvua ni nini. Oktoba 25, 2015 iliangukia siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Oktoba 28, 2020 siku tatu kabla yake. Siku kama hizo pwani yetu hukupwa sana kiasi cha saa 4 au saa 5 za asubuhi, na mwanamke wa kisiwani yuko mwambani, kwa sababu pweza hamngojei mgombea. Kumwambia atangulie kituoni alfajiri ndipo ashuke baharini ni elimu pia, wala haimo kitabuni.

Kisiwa hiki kilijua dola kabla ya kujua kura. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameokota humo sarafu nyingi za shaba zilizopigwa Kilwa, na wapenzi wa ushairi watafurahi kujua kwamba sarafu hizo zina vina: upande mmoja una maneno ya kumtegemea Mola, upande wa pili una jina la sultani, na sauti za pande mbili hizo huoana mwishoni. Mtawala alitajwa kila sarafu ilipotoka mkono huu kwenda mkono ule, na aliyeishika hakuulizwa neno. Tarikh za Kilwa zimejaa ugomvi wa kiti, maamiri na mawaziri wakimsimamisha huyu na kumwangusha yule. Mvuvi wa kisiwa cha pili hakuwamo katika shauri hilo. Karatasi ya kura ni kinyume cha sarafu ile. Inayataja majina ya wanaotaka kutawala, na jina la aliyeishika halimo. Tena akilitia, kura yake huharibika. Nimelitafakari sana jambo hili: huenda hakuna chombo kingine cha serikali ambacho mtu wa kawaida hutakiwa kukitumia bila ya kujitaja. Hospitali inataka jina lako, mahakama inataka jina lako, hata msibani huandikwa nani ametoa nini. Kura peke yake inakwambia: usijitaje.

Haikuwa hivyo mara moja. Katika chaguzi za Tanganyika za mwaka 1958 na 1959, zile za kura tatu, mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na haki ya kupiga kura ilikuwa na masharti ya elimu, kipato au cheo. Mvuvi asiye na kimojawapo hakuwa na la kufanya siku hiyo. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, watu wazima wote waliitwa, na kila penye ushindani wagombea wawili wa TANU walipewa alama mbili, jembe na nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Alama hizo zilikusudiwa ziwe bubu. Hazikukaa bubu hata wiki moja. Mwenye jembe aliwaambia watu kuwa jembe ndilo linalowalisha, na mwenye nyumba akawauliza mkulima akichoka analala wapi. (Mtu wa Songo Mnara angeweza kuuliza kwa nini hapakuwa na ngalawa.) Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kutopendelea ni jambo la kutia saini tu. Vitu havikubali kutopendelea. Hata leo, kikundi kikitengeneza karatasi ya mfano yenye samaki badala ya vyama, ukiweka changu, taa na ngisi, kijiji kizima kitamchagua changu na mwalimu ataonekana alimtaka changu tangu awali.

Basi turudi kwa bibi na swali lake, na kwanza tumpe haki yake yeye, maana hoja za upande wake zina nguvu.

Ya kwanza ni ya ujuzi. Kijana huyu amesoma, amezisikia ahadi za wagombea, amewaona mjini, pengine anajua nani alijenga gati na nani aliahidi gati mara tatu. Kumficha bibi yote hayo ni ubahili wa elimu, na ubahili wa elimu ni mbaya kuliko wa mali, kwani elimu haipungui kwa kutolewa. Hoja ya pili ni kali zaidi: ikiwa mwenye dhamira safi atanyamaza, hatanyamaza mwenye dhamira chafu. Yuko mtu atakayempa bibi ushauri bila ya kuulizwa, tena aufunge ndani ya khanga na kilo mbili za sukari. Kunyamaza kwa mwema kunampa nafasi mwovu. Ya tatu ndiyo inayouma. Kusema "mimi sipendelei upande" mara nyingi ni kichaka cha waoga, na historia ya mji wowote ina watu waliojificha humo nyumba ya jirani ikiungua.

Sizidharau hoja hizi, na mtu asiyezisikia uzito wake asijitolee. Lakini naona zimechanganya kazi mbili ambazo pwani yetu imezitenganisha zamani. Mtazameni kungwi. Anamchukua mwari, anamfundisha mambo ya ndoa yote, ya wazi na ya ndani, bila ya kumwonea haya. Anamfundisha kukubali na anamfundisha kukataa. Hamchagulii mume. Huenda anamjua bwana harusi, anaijua nyumba aliyotoka, na anayo rai yake. Lakini akianza kuitumia nafasi ile ya ndani, ambayo wazazi wa pande mbili wamempa kwa kumwamini, ili kumsukuma mwari kwa huyu au kumvuta kutoka kwa yule, ameiba. Kibaya si rai yake, hata kama ni sahihi. Kibaya ni mlango alioingilia.

Mwalimu wa kura naye aliingia kwa mlango maalumu. Alipopanda chombo Kilwa Masoko hakwenda kama mjukuu wa bibi. Alikwenda kwa jina la kikundi, na kijiji kilimkusanyikia chini ya mwembe kwa sababu kilikubali kuwa hakutumwa na mtu. Katika umati ule alikuwamo baba wa chama hiki na ami wa chama kile, na wote wawili waliwaruhusu mama zao na binti zao wamsikilize. Ruhusa yao ndiyo amana aliyokabidhiwa, na ilikabidhiwa kabla bibi hajauliza. Mtu hawezi kuilipa amana ya mmoja kwa kuitumia ya mwengine. Akitaka kuwa mshauri wa bibi, basi na awe, lakini aje siku nyengine, kwa mlango wa ujukuu, bila ya kile kibandiko cha "elimu ya mpiga kura" kifuani.

Hata hivyo hii bado ni hoja ya kuaminiana baina ya wanaume wa kijiji, na nisingeridhika nayo kama ingekuwa peke yake. Iko nyengine inayomhusu bibi mwenyewe, nayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Kisiwani, ushauri ni deni. Mjini unaweza kumuuliza mtu njia na usimwone tena maishani. Songo Mnara, aliyekushauri utakutana naye kesho kisimani, keshokutwa harusini, na mtondo yake msibani, na atakuwa na haki ya kuuliza: "Ulifanya kama nilivyokwambia?" Wala haulizi kwa ubaya. Anauliza kwa sababu ushauri uliopokewa umewaunga, kama mbegu iliyoazimwa. Sasa, ukiulizwa hivyo juu ya shamba au juu ya mahari, unajibu na maisha yanaendelea. Ukiulizwa hivyo juu ya kura, umewekwa baina ya mambo mawili: ama useme kweli na siri yako itoke, ama useme uongo kwa mtu aliyekutakia heri. Kijana aliyemwambia bibi "mpe fulani" amemchukulia kitu ambacho hakumwomba: amemchukulia uwezo wa kunyamaza.

Na siri ya kura katika kijiji kidogo ni nyembamba kuliko wanavyodhani watunga sheria. Kura huhesabiwa kituoni, na matokeo hubandikwa nje ya kituo watu wayasome. Mahali penye wapiga kura maelfu, kura 3 za mgombea fulani ni hesabu tu. Mahali ambapo kila mtu anajua nani aliamka saa ngapi, kura 3 zina sura. Jioni ile ile watu wameshazigawa, moja ya fulani, moja ya mkewe, na ya tatu inatafutiwa mwenyewe. Siwezi kuihesabu siri ya aina hii kuwa imelindwa na pazia la kituoni peke yake. Inalindwa na ada ya watu kutoulizana, na ada hiyo haipo bado. Inatengenezwa, na inatengenezwa na mtu wa kwanza anayekataa kusema na kukataa kuuliza. Mjukuu anaponyamaza mbele ya bibi yake, tena akanyamaza kwa upole na kwa sababu anazozieleza, anamwonyesha namna inavyofanywa. Kesho mumewe au mwanawe akimuuliza alimpa nani, bibi atakuwa ameshaona kwa macho yake kwamba mtu anaweza kulikataa swali hilo na akabaki mtu wa adabu. Somo hilo halifundishiki kwa karatasi ya mfano, hata iwe na samaki wazuri namna gani.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaodhani kutopendelea ni kukaa kati. Hakuna kati. Mwalimu huyu ana upande, na upande wake ni mpiga kura. Na kwa kuwa ana upande, yako mambo asiyoruhusiwa kuyanyamazia.

Nianze na dogo. Kwa miaka mingi mgombea aliyebaki peke yake alitangazwa kupita bila kupingwa, na mpiga kura hakuitwa kabisa. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 ilibadili hilo: mgombea pekee hupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Basi mwalimu akifika penye jina moja, anapaswa kuifundisha "hapana" kwa sauti ile ile anayoifundishia "ndiyo". Watu wa mashairi wanajua sauti inavyoweza kusaliti maneno. Yuko anayeweza kutaja yote mawili, na kwa kulegeza sauti kidogo kwenye la pili akawa amelifuta. Kwa hesabu yangu huyo amepiga kampeni, ijapokuwa hakutaja chama.

Kubwa zaidi ni lile la Zanzibar, ambalo wasomaji wa visiwani hawahitaji kukumbushwa ila kwa tarehe. Oktoba 25, 2015 watu walipanga mistari, wakatiwa wino, wakarudi makwao. Siku tatu baadaye mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar aliufuta uchaguzi mzima wa Zanzibar, na Machi 20, 2016 ukarudiwa huku chama kikuu cha upinzani kikiususia. Sitaki kuifufua hapa kesi ya nani alishinda. Nataka msomaji amfikirie mwalimu wa kura anayerejea kijijini kati ya tarehe mbili hizo, akiwa na bango lile lile na somo lile lile, na mwanafunzi wake wa Oktoba anamuuliza: "Ile ya kwanza mimi nilikosea wapi?" Mwongozo haukuwa na jibu. Naona lakini jibu lilikuwepo, nalo ni fupi: hukukosea. Anayesema hivyo hajasimama na chama hiki wala kile. Amesimama na kazi ya mwanafunzi wake, iliyofanywa sawasawa. Anayelikwepa swali hilo na kurukia tena namna ya kukunja karatasi, akidai kuwa kanuni inamkataza kuingia katika siasa, huyo ananyamaza kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya mwanafunzi.

Iko basi minyamazo miwili, na kwa sikio la bibi inafanana. Mmoja unailinda hiari ya mpiga kura. Wa pili unalinda kibali cha mwalimu. Na kibali ni kitu cha kuogopewa, kwani hutolewa na hunyimwa. Katika uchaguzi wa mwaka 2020 baadhi ya asasi zenye uzoefu mrefu wa kazi hii hazikukipata. Wanaofanya kazi hii kwa uaminifu husema: heri nusu ya somo kuliko kukosa somo. Nawaelewa. Kijiji ambacho hakikuambiwa hata saa za kituo kimedhulumiwa zaidi. Ila nusu ya somo iitwe nusu, na anayeitoa asijidanganye kuwa amemaliza.

Oktoba 29, 2025, miaka 30 kamili tangu uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi wa Oktoba 29, 1995, suala hili liliacha kuwa la vitabuni. Chadema haikuwamo katika karatasi, baada ya kuzuiwa mwezi Aprili kwa kutosaini maadili ya uchaguzi. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo naye aliondolewa. Siku ya kura zilizuka ghasia, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, na watu waliuawa. Tume ilimtangaza mshindi kwa asilimia 97.66. Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC walisema uchaguzi ule haukufikia viwango walivyojiwekea wenyewe, na Novemba 14 Rais alitoa pole Bungeni na kutangaza tume ya uchunguzi. Hayo yote yameandikwa hadharani. Mwalimu wa kura atakayerudi Songo Mnara baada ya hapo atakuta watu walioyasikia, hata kama bahari iliwatenga na kelele zake.

Atawaambia nini? Nimewasikia wawili wakijibizana juu ya hili. Mmoja alisema asirudi kabisa, kwani kufundisha kupiga kura katika hali ile ni kuipamba. Wa pili alisema arudi afundishe kama zamani, maana siasa si kazi yake. Sikubaliani na yeyote. Wa kwanza amemsahau bibi: mwaka wa uchaguzi hautamngojea mpaka nchi itengemae, na kijiji kina mwenyekiti wake wa kuchagua, kina diwani wake, kina gati lake lisilokwisha. Wa pili amesahau kuwa somo la kura halina mwisho pale karatasi inapotumbukia sandukuni. Kuhesabiwa ni sehemu ya somo. Majina yasiyokuwamo ni sehemu ya somo: kwamba hayamo, na sababu iliyotolewa ya kutokuwamo, bila ya kusema kama yalistahili. Wakenya waliwahi kuwa na mpango mkubwa wa elimu ya uraia, awamu yake ya pili ikiitwa Uraia, uliofika hadi karibu na uchaguzi wa Desemba 2007. Miezi miwili iliyofuata waliuawa watu zaidi ya 1,000. Haina maana kuwa elimu ile ilikuwa bure. Ina maana kuwa mpiga kura aliyefundishwa vizuri akikabidhi kura yake kwa mahesabu asiyoyaamini, ujuzi wake unageuka kuwa sehemu ya uchungu wake, na mwalimu aliyemwamsha alfajiri anadaiwa maelezo kama wengine.

Na ikumbukwe kwamba wingi peke yake haukuwahi kuwa hoja ya mwisho nchini kwetu. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuta kiasi cha asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, na bado ikapendekeza vyama vingi, kwa kuiona haki ya ile asilimia 20. Mwalimu anayekaa chini ya mwembe na watu wenye rai moja, akamwona mmoja nyuma ya umati asiyeinua mkono, anajua kuwa somo la siku ile ni la huyo.

Limebaki jambo moja la vitendo, ambalo wanaojitolea huulizana wenyewe kwa wenyewe zaidi ya yote niliyoyasema. Tuseme bibi haoni vizuri. Hamuulizi tena mjukuu ampe nani, ameshaamua. Anamwomba aingie naye kituoni amsaidie kuweka alama, kwa sababu katika kijiji kizima anamwamini yeye. Sheria inamruhusu bibi kumchagua msaidizi wake. Wapo wanaosema mwalimu akatae, watu wasije wakasema kikundi kimemwandikia mzee kura. Wapo wanaosema akubali, kwani kukataa ni kumtupa kwa mtu mwengine ambaye huenda ana khanga mfukoni. Mimi ningemwambia akubali. Avue fulana ya kikundi kabla ya kuingia, aweke alama pale anapoambiwa hata kama mkono wake mwenyewe usingekwenda hapo, amshike bibi mpaka nje ya kituo, na matokeo yakibandikwa jioni asisimame karibu na wanaozigawa zile kura 3.